Siku Saba za Mama wa Ngao

Watu wakisikia kwamba nililelewa katika kanisa la mungu wa kike wa vita, kwanza hucheka, kisha huuliza kama tulikuwa tunachinja watu. Hatukuchinja mtu. Tulikuwa watu wa chai na mahindi na ng'ombe wawili watatu, na Jumapili tulijipaka mafuta na kuvaa vizuri kama Wakristo wote wa upande wetu wa Merigi. Wao walipanda kilima kwenda kwenye makanisa yao yenye kengele. Sisi tuliteremka hadi kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa mabati, ambamo Mama wa Ngao alikuwa amesimama, amechongwa kwa mti wa mtarakwa, mrefu kuliko baba yangu. Mkono wa kushoto alishika ngao ya ngozi ya ng'ombe. Wa kulia alishika mkuki, na ncha ya mkuki huo ilielekea chini, kwa sababu Mama hakuwa wa kwanza kupiga.

Mzee aliyelianzisha kanisa alikuwa amepigana Burma katika vita vya Wazungu. Alituambia kwamba huko msituni alimkuta adui amelala usingizi, bunduki iko kando. Alipotaka kumfyatulia, mwanamke mrefu akatokea, akamfunika yule adui kwa ngao na kusema, "Mwamshe kwanza." Basi. Hayo maneno mawili ndiyo yaliyokuwa dini yetu. Usimpige mtu kwa nyuma. Usimpige aliyeanguka. Ukiwa na ugomvi na mtu, mwambie mchana, mbele ya watu, umpe siku saba ajiandae. Na kila ibada ilianza kwa Mzee kusimama na kuuliza, "Kuna mtu ako na neno?" Tulikaa kimya kidogo. Mara nyingi hakuna aliyesema kitu, tukaanza kuimba.

Baba alikuwa mshika ngao. Ndiye aliyeishusha ile ngao kabla ya ibada, akaipangusa kwa samli, akaibeba mbele yetu tulipokuwa tukiingia. Alikuwa mwembamba, mwenye pumu, na huko nje hakuna aliyemtazama mara mbili. Ila akishika ngao ile, hata mama yangu, ambaye ulimi wake haukuwa na Jumapili, alinyamaza.

Nilikuwa na miaka kumi au kumi na mmoja. Chai ilikuwa bado ngeni kwenye mashamba madogo kama letu. Tuliizoea ile ya mashamba makubwa ya Kericho, iliyopandwa kabla hatujazaliwa. Baba alikuwa ametengeneza kitalu cha miche nyuma ya nyumba, akakiwekea uzio wa fito na kipaa cha nyasi cha kukinga jua. Alikinyeshea asubuhi na jioni. Alikiongelesha, kusema kweli. Siku moja yeye na mama walikwenda Roret, nikaachiwa ng'ombe. Nikamfunga kwenye nguzo, nikateremka mtoni kusukwa nywele na wenzangu. Niliporudi, ng'ombe alikuwa katikati ya kitalu, kipaa kimeanguka, na miche imekanyagwa ikawa matope.

Nilimtoa ng'ombe. Nikamfunga upya kwa kamba nyingine, mbali, nikampa majani. Halafu nikakaa chini na kufikiria, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilifikiria vizuri sana. Wazazi waliporudi niliwaambia kwamba nilimwona jirani yetu wa chini akiingiza ng'ombe wake kwenye kitalu, makusudi, huku akiangalia huku na huku.

Jirani huyo alikuwa mtu wa nyanda za magharibi, aliyekuja kufanya kazi kwenye shamba la chai na baadaye akanunua kipande kidogo karibu nasi. Alikuwa muumini wa Mama kama sisi. Alipasua magogo ya kuni za kiwanda, na mikono yake ilikuwa minene kuliko shingo ya baba. Kila alipopita alinitupia muwa. Nilimchagua yeye kwa sababu alikuwa amekuja kutoka mbali, na mtoto mwenye masikio anajua ni nani atakayeaminiwa kuwa mbaya. Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa nimesikia tu watu wakiongea.

Nilitegemea baba atafoka, mama atalaani, miche itapandwa upya na mambo yataisha. Nilisahau dini yetu. Kumharibia mtu mali yake kwa kificho kulikuwa ni kumpiga akiwa amelala, na kwa Mama wa Ngao hakukuwa na dhambi iliyoizidi hiyo. Jumapili Mzee alipouliza kama kuna mtu mwenye neno, baba alisimama.

Fimbo mbili zilikatwa, zikapimwa zikawa sawa. Siku saba zikatolewa. Wangepigana saa sita mchana, uwanjani mbele ya kanisa, mpaka mmoja aanguke. Na shahidi, yaani mimi, ningeulizwa mara tatu kama neno langu bado limesimama: siku hiyo, siku ya nne mlangoni kwa mshtakiwa, na siku ya saba uwanjani. Kama neno ni la uongo, mwenye uongo angepiga magoti na kuchapwa fimbo tatu mgongoni na yule aliyesingiziwa.

"Neno yako imesimama?" Mzee akaniuliza siku ya kwanza.

"Imesimama," nikasema. Nilikuwa nikiitazama ncha ya ule mkuki. Tulikuwa tumefundishwa kwamba Mama huugeuzia upande wa mwongo vita vikianza. Aliyepigania uongo hakutoka uwanjani akitembea. Nami nilikuwa nimemweka baba yangu upande huo.

Nyumbani mama alilia kwa hasira. "Huyo mtu anapasua miti kutwa nzima, na wewe ukipanda kilima tu unapumua kama cherehani! Utapigana na nini?"

"Na haki," baba akasema.

Sikula jioni ile. Mama alinipa mursik, yale maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, nikayashika tu kikombeni mpaka akaninyang'anya. Akadhani nahofia baba ataumizwa. Ni kweli nilihofia. Ila hakujua nilivyokuwa nikihesabu: zimebaki sita, zimebaki tano. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho ikifika, woga ulikuwa umeongezeka kwa siku moja, na kusema kumekuwa kugumu zaidi.

Siku ya nne wazee wawili walinichukua hadi kwa jirani. Alitoka nje na shoka mkononi, akaliona, akaliweka chini haraka ili nisiogope. Mkewe alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Tayari kule sokoni kulikuwa na watu ambao hata si wa kanisa letu, waliokuwa wakisema hawa waliokuja warudi walikotoka, na nadhani mke yule alikuwa ameyasikia.

Mzee mmoja akaniuliza. Nikasema neno langu limesimama. Sauti haikuwa yangu.

Jirani alinitazama muda mrefu. "Sawa," akasema. "Nimesikia. Asante kuniambia mchana."

Nilitapika njiani. Wazee wakasema ni jua.

Siku ya tano ikanyesha mvua ya mawe. Kwetu mvua ya mawe si ajabu, huja alasiri ikachana majani ya chai na kwenda zake. Ila siku ile ilipoanza kupiga mabati niliingia chini ya kitanda, nikaziba masikio, nikamwomba Mama anipige mimi amwache baba. Nilimwahidi kwamba nitasema mvua ikiisha. Mvua ikaisha. Nikatoka, nikaenda kuokota kuni.

Siku ya sita baba alikwenda kukarabati uzio wa kitalu. Nilikuwa jikoni nikimenya viazi. Alirudi na kitu mkononi, akakitundika kwenye msumari ukutani, mbele ya macho yangu, akanawa mikono na kutoka. Kilikuwa kipande cha kamba ya mkonge, ile aliyoisokota mwenyewe, ya kumfungia ng'ombe wetu. Kilikuwa kimenasa kwenye fito za uzio. Upande mmoja kilikuwa kimekatika kwa kuvutwa.

Alikula, akamtania mama kuhusu chumvi, akalala. Mimi nilikitazama kile kipande cha kamba mpaka moto ulipozimwa. Alijua. Kwa nini basi hakuniita? Kwa nini hakunichapa, yakaisha? Ningemshukuru kwa kila kiboko.

Asubuhi ya saba nilihisi mkono begani. Baba alikuwa amechuchumaa kando ya kitanda changu, amevaa shati lake jeupe la kanisa. Hakuwahi kuniamsha maishani mwake. Hiyo ilikuwa kazi ya mama.

"Amka," akasema taratibu. "Nimekuja kukuamsha kwanza."

Nikaelewa. Hakuwa akijiandaa kupigana na jirani. Mpinzani wake alikuwa mimi, naye alikuwa amenipa taarifa tangu jana, na sasa alikuwa akinipa nafasi ya mwisho ya kusimama. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Alingoja hapo, akipumua kwa ile filimbi ya kifua chake, mpaka akachoka kungoja, akainuka na kwenda.

Saa sita uwanja ulikuwa umejaa. Hata wale wa makanisa ya kilimani walikuja kutazama. Jirani alikuwa amevua shati. Baba alisimama mbele yake na fimbo yake, akionekana mdogo. Sanamu ilikuwa imetolewa nje, na jua lilikuwa juu ya ule mkuki.

"Mtoto," Mzee akasema, "neno yako bado imesimama?"

Watu wote walinigeukia. Nilimwona mke wa jirani. Nilimwona mama, amejifunika mdomo kwa leso. Miguu yangu ilikuwa na maji ya moto, nikajua nimejikojolea, na ulimi wangu haukusogea.

"Neno haikuwa ya mtoto," baba akasema.

Alitupa fimbo chini. "Mimi ndiye nilimwambia aseme hivyo. Ng'ombe ilikuwa yangu. Huyu mtu hana makosa, na nyinyi wote mmesikia."

Kisha akapiga magoti, akavua lile shati jeupe, akalikunja vizuri na kuliweka kwenye nyasi. Jirani alikataa. Mzee akamwambia sheria ni sheria. Fimbo ya kwanza ilishuka, nikasikia pumzi ya baba ikikatika. Ya pili. Kabla ya ya tatu jirani alinitazama mimi, si baba, na machozi yalikuwa yakimtoka. Akapiga.

Baba hakushika ngao tena. Alipewa nafasi kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, pamoja na wasafiri na walevi waliotubu. Watu wa kanisa walimwita mwongo, kwa upole, kama wanavyofanya watu wa dini. Mama alimnunia mwaka mzima kwa kumharibia mtoto. Naye baba hakumweleza ukweli hata yeye.

Jirani aliendelea kunitupia muwa. Niliuokota, lakini sikuwahi kuula.

Nami nilikaa kwenye benchi lile la nyuma kando ya baba, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka nikawa msichana mkubwa, mpaka nikaolewa na kurudi na watoto wangu kumtembelea. Kila ibada ilipoanza na Mzee kuuliza kama kuna mtu mwenye neno, baba alisogeza magoti yake pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwingine atoke. Alifanya hivyo mara ngapi, siwezi kusema. Alifanya hivyo hata Jumapili yake ya mwisho, akiwa tayari hawezi kusimama bila kushikwa. Njia ilikuwa wazi. Niliitazama sakafu mpaka wimbo ukaanza.