Njia Katikati ya Kunde

Mama alinipa nusu ya shamba la kunde kwa sharti moja. Mavuno ya nusu yangu yakizidi ya nusu yake, mwakani tutapanda shamba zima kwa utaratibu wangu. Yasipozidi, nikatafute kazi mjini au popote, kwa sababu shamba hilo ndilo linalotulisha.

Nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Mungaa na shahada ya kilimo na maombi ya kazi ambayo hakuna aliyeyajibu. Kwetu kunde humwagwa tu katikati ya mtama, zikaota zilipoangukia. Mimi nilivuta kamba. Niliacha sentimita sabini na tano kati ya mstari na mstari, nikatia mbolea ya kupandia kando ya kila shimo, kisha nikaanza kuwaza kama nimeiweka karibu mno na mbegu. Kesho yake nilifukua mashimo kadhaa kuangalia. Nikafukia. Nikawaza kama kufukua kumeharibu.

Sikutaka kujua wingi wa mavuno tu. Nilitaka kuona kama mmea uliopata nafasi na chakula cha kutosha huweka protini na madini zaidi kwenye punje. Mwalimu wangu wa chuo alikubali kuzipima nikimpelekea.

Kunde zilistawi kuliko nilivyothubutu kutumaini. Majani yalikuwa mapana, laini, ya kijani kizito. Hapo ndipo nilipopaswa kuogopa, lakini siku hizo nilikuwa naogopa wadudu.

Asubuhi moja nilimkuta shangazi, dada yake baba, katikati ya mistari yangu na majirani wawili, vitenge vyao vimejaa majani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, bwana shamba wetu. Mistari hii nani alikufundisha? Mtu anatembea kama yuko barabarani, hakanyagi hata tawi!"

"Lakini shangazi, mkichuma sana, punje..."

"Sana ndiyo hii?" Alinyanyua kitenge, wenzake wakacheka. "Kwa mama yako kumesongamana, utapitia wapi? Unachuma pembeni, unaondoka. Na majani yenyewe magumu. Haya yako hata bibi asiye na meno anatafuna."

Nilicheka nao. Ningefanya nini? Kwetu hakuna anayenyimwa majani ya kunde. Ndiyo mboga ya kila nyumba, mabichi wakati wa mvua, makavu wakati wa kiangazi. Kumkatalia shangazi mboga kungesemwa mpaka misibani. Nilifikiria kuweka miiba, nikafikiria watakavyosema, nikaacha. Wakaja wengine. Kisha mvua ikakata, na mimea iliyonyonyolewa haikupata nguvu ya kuchipua tena.

Tulipopura, rundo langu lilikuwa dogo kuliko la mama. Nilichuchumaa nikilitazama. Ni mbolea? Ni nafasi? Mvua? Shangazi? Hakuna wa kuniambia. Angalau punje zitapimwa, nikajisemea, nikaingia ndani kutafuta mfuko safi.

Niliporudi, mama alikuwa ameshayaunganisha marundo yote mawili kwenye turubai, anapepeta.

"Mama, zile zangu..."

"Zote ni kunde, mwanangu." Alisema kwa upole, bila kunitazama. "Mwakani tutamwaga."

Nilikaa kando yake, nikaokota punje moja, kisha nyingine. Sikuweza kujua ipi ilitoka kwenye mistari yangu. Mama akaniomba ule mfuko, akatia humo mbegu za mwakani.