Siku Mukwe Wangu Alinyamaza Juu ya Base de Données

Mama yangu, kule Vuhovi, alikuwaka mutu wa kusumbua. Jirani akimuletea kuku, hakumuacha arudie mikono wazi. Alimusimamisha ku mulango mupaka apate maharagi ya kumupa. Siku moja maharagi ilikosa, akatoa kifuniko ya sufuria. Tulipika bila kifuniko muda murefu, na ile kuku ilikuwa ya kukonda, hata muchuzi yake sikumbuke.

Mimi nilizeeka na hiyo damu. Kitu ya bure inanipatisha haya. Masomo niliachia ku primaire, lakini kahawa naijua, donc coopérative yetu ya balimi ilinipa kiti mu comité ya kuiongoza.

Tuko na dépôt moja ya kuweka kahawa Butembo, ingine Beni. Musimu uliopita mufuko moja ya kahawa iliuzishwa Butembo, na ile ile ikauzishwa tena Beni. Banunuzi bakaanza kutukimbia. Njo tukatafuta site ya internet, kila mutu aone mifuko yenye iko kweli.

Tukaita ku mukutano ya comité mukwe wangu, bwana ya binti yangu mukubwa, juu kazi yake ni ordinateur, ile kompyuta. Akaeleza base de données: ni sawa meza zenye kuungana, hapa balimi, hapa mifuko, hapa banunuzi. Mufuko ikisha kupata mununuzi, base yenyewe inakataa kuiuzisha tena.

“Kuko base ya bure, ya nguvu,” akasema. “Tutalipia tu nafasi kidogo ku internet ya kuiweka. Kuko ingine ya kampuni ya inje, ya kulipa kila mwezi. Mwezi mukikosa kulipa, banafunga.”

Muzee moja wa dépôt ya Beni akacheka. “Ba Butembo! Na maétage yote ile, manyumba ya gorofa, munatafuta ya bure?”

Haya ikanipanda mupaka ku masikio. Nikasema, “Hatuko batu ba kungojea musaada. Tuchukue ya kulipa.”

Mukwe wangu akaangalia chini. Kwetu mukwe habishane na baba ya bibi yake mbele ya batu, hata akiona baba anaingia mu shimo.

Mama présidente wa comité, mutu wa Mangina mwenye hakujua ile desturi, akamugeukia. “Na wewe, technicien?”

“Baba amesema.”

“Baba nimemusikia. Naulizia wewe.”

“Mama, Baba iko hapa,” akajibu polepole.

“Donc twandike ya kulipa?”

Hapo njo nilianza kufikiri, na nimekwisha kusema. Franga yetu inaingiaka musimu wa kahawa tu. Miezi ingine tutalipa na nini? Banafunga, na sisi tunarudilia kuuzisha mufuko moja kwa batu wawili, mupaka mununuzi wa mwisho anatuacha. Nilitaka kurudisha neno yangu, lakini mbele ya ule muzee wa Beni, haya ilinikataza. Mukwe wangu alikuwa anafunga ordinateur yake. Niliona kama miye njo kifuniko ku kinywa yake.

Nikachukua kofia. “Naenda kuangalia mvua.”

“Mvua gani, papa? Jua inawaka,” mama présidente akasema.

Nikatoka. Nilikuwa inje, karibu ya dirisha, wakati nilisikia sauti ya mukwe wangu: “Bon, bazee, mupokee ile ya bure. Niwaambie sababu.”

Sikubakia kusikia sababu. Nilishuka na barabara ya mavumbi mupaka nyumbani, na ku ile comité sikurudiaka tena, juu mukwe wangu aseme bila kifuniko.