Amri Isiyodai Jina la Baba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Karatu, Mkuu wa Tehama alinionyesha kompyuta kuu. "Hii usiizime hata ukiambiwa na daktari," akasema. Nilicheka, yeye hakucheka.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni kuandaa mashine kabla ya kupandisha toleo jipya la mfumo endeshi, yaani programu inayoendesha nyingine zote. Toleo jipya likiingia hufuta amri za mfumo za zamani na kuweka zake, wala haliulizi nani alizirekebisha. Kwa hiyo unalinganisha kila amri na ya asili, na iliyoguswa unainakili kwenye maktaba yako, sehemu ambayo mfumo hauifikii.

Mwaka mmoja nikakuta amri iliyobadilishwa na mtu asiyejulikana. Ya asili ilikataa usajili wa mgonjwa wenye nafasi tupu. Hii iliruhusu nafasi moja tu ibaki wazi: jina la baba.

"Hilo ni kosa la mtu, achana nalo," Mkuu akasema. "Jioni tunapandisha."

Mimi ni mdadisi tangu utotoni, mama yangu alikoma nami. Nikashuka mapokezi kumuuliza Sista Paskalina, muuguzi wa siku nyingi.

"We mama, usiiguse hiyo!" akasema. "Wamasai wa Kakesio, baba akishafariki, jina lake hawalitaji. Zamani mashine ilipowalazimisha, walitaja lolote. Leo hili, kesho lile. Mtu mmoja ana mafaili matatu, na dawa inayomdhuru imeandikwa kwenye moja tu."

Nikarudi mbio kumweleza Mkuu.

"Nakili. Toleo litasubiri," akasema.

Tulipandisha kesho yake, nikairudisha amri ile na kuijaribu. Wiki hiyohiyo akaletwa binti wa Kakesio, hajitambui kwa homa. Kaka yake alipoulizwa jina la baba, aliinamisha kichwa. Paskalina akaruka nafasi ile, akaandika jina la binti na boma lao. Likatokea faili moja: penisilini inamdhuru. Daktari akairudisha sindano mezani.

Sasa nimestaafu, na aliyeibadili amri ile bado natamani kumjua. Vijana wa Tehama wakinipigia simu, nawaambia wamuulize kwanza mtumiaji kabla hawajaita kitu kosa.

Yule binti nilimwona mnadani, mtoto mgongoni, anabishania bei ya shuka. Hanijui. Nilimtazama mpaka akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

Nikamwambia nimeshakiona.