Mzigo wa Kufika

Maabara nzima ilimwita Bi Pole kwa kejeli, maana ulimi wake ulikuwa wembe. Kazi yake ilikuwa kuunganisha dawa kali ya saratani na kingamwili, wale askari wa damuni wanaoijua seli yenye ugonjwa na kuing'ang'ania. Askari hubeba sumu, akaishushe pale pale panapostahili.

Jioni moja mdogo wake, aliyekuwa na saratani ya titi, alimfuata jikoni.

"Dada, dawa yangu si inatoka mikononi mwako? Nibandikie nyingi kidogo basi. Undugu ni kufaana."

Bi Pole alibwaga mwiko. "Methali kwenye sumu? Askari akizidishiwa mzigo hafiki. Hugandamana na wenzake, akaishia kuumwaga kwenye ini lako!"

Mdogo mtu akanuna.

Kesho yake dawa iliyokuwa ikisubiriwa wodini ilipimwa, ikakutwa imebeba kupita kiasi, kidogo tu. Wenzake walisema ingefaa hivyo hivyo. Bi Pole alisonya, akaitupa yote, akaanza upya, akijua kabisa ni nani atakayecheleweshewa matibabu kwa wiki nzima. Hakuna aliyethubutu kumtania siku ile.

Hatimaye, wodini, matone ya dawa yakaanza kushuka kwenye mrija. Mdogo wake alimtazama, naye Bi Pole alikuwa ameng'ang'ania ukingo wa chuma wa kitanda.

"Dada, imebeba nyingi?"

"Imebeba kiasi cha kufika."

Mgonjwa akautoa mkono wa dada yake kwenye chuma, akaushika yeye.