Medali Iliyogeuka Bangili

Saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mawe ya Mwanza, sonara Mahesh ameshakaa chini barazani kwake, karibu na bandari. Mbele yake kuna kipande cha chuma kilichobanwa kwenye gogo. Anakigonga kwa patasi nyembamba kama sindano, anapuliza vumbi, anakisogeza karibu na jicho la kushoto, maana la kulia halimsaidii tena. Kisha anatikisa kichwa.

"Tembo bado ana masikio ya punda," anasema.

Hacheki. Anayecheka ni Masalu, mvuta viriba wake, mpuliza moto wa tanuri kwa miaka ishirini sasa, ambaye ametembea kutoka Kirumba kuja kazini. Naye anacheka kwa adabu tu.

Mahesh ana miaka hamsini na minane, na mkewe alishafariki. Riziki yake ni pete, hereni na bangili. Siku njema humpatia shilingi mbili, na katika mwaka huu wa 1937 siku njema ni za kuhesabu. Mkulima wa Usagara akiuza pamba yake kwa bei ya kutupa, hakumbuki hereni za mkewe.

Lakini anachokichonga asubuhi hii hakuna aliyekiagiza. Ni chapa ya kupigia medali ya dhahabu ambayo haipo tena duniani. Aliyeiondoa ni yeye mwenyewe.

Medali hiyo ilikuwa ya baba yake. Huko Kathiawar, Bara Hindi, mtoto wa mtawala mmoja alipooa, mafundi saba waliotengeneza vito vya bibi harusi walitunukiwa kila mmoja medali ya dhahabu. Upande mmoja palikuwa na tembo aliyembeba bibi harusi. Upande wa pili palikuwa na maneno madogo, yaliyozunguka ukingo wote. Baba alikuja nayo Mwanza ikiwa imeshonwa ndani ya kizibao chake, na alipofariki Mahesh akairithi pamoja na nyundo.

"Tola nne na punje mbili," anasema Mahesh, akitaja uzito wake kwa vipimo vya masonara wa Kihindi. "Niamshe usingizini nikuambie, sikosei."

Miaka miwili iliyopita ililetwa posa. Ramesh, mfanyabiashara wa Jinja, aliandika kumwombea mwanawe mke: Shanta, binti pekee wa Mahesh, aliyekuwa na miaka kumi na tisa. Sonara alifurahi hadi akakosa usingizi. Furaha ilipotulia akatazama sanduku lake. Dhahabu hakuna.

Masonara wana aibu yao. Binti wa sonara hatoki kwao na dhahabu iliyofuliwa na fundi mwingine. Ni sawa na mpishi kuomba wali kwa jirani siku ya karamu yake mwenyewe. Mahesh akaitoa medali.

"Nilimwambia, Bwana Mahesh, hii tunaisugua kila sikukuu ya Diwali, leo tunaipika?" anakumbuka Masalu. "Akaniambia, vuta viriba. Nikavuta. Ningefanyaje?"

Zikatoka bangili mbili nzuri ajabu.

Ramesh alifika kwa meli siku ya Jumamosi. Alikunywa chai, akazisifu bangili, akaziweka kando. Kisha akasema, "Sasa nionyeshe medali." Kumbe baba yake alikuwa mmoja wa wale mafundi saba, na medali yake ilipotea nyumba ilipoungua. Medali ndiyo iliyomfanya aichague nyumba hii maskini badala ya nyingine zote ambako angeweza kuposa. Kwenye barua hakuitaja, kwani alitaka kuishika kwanza.

Mahesh akanyoosha kidole kwenye bangili. "Ndiyo hizi."

Mgeni aliziinua bangili, akazigeuza, akaziweka tena kando. Halafu, bila hasira, akauliza jambo moja tu: maneno ya ukingoni yalisemaje? Yeye aliyakariri kwa baba yake tangu utotoni.

"Hapo ndipo nilipokufa," anasema Mahesh. "Sisi ukitupa dhahabu tunaipima, tunaisugua kwenye jiwe tuone kama ni safi, tumemaliza. Kusoma najua. Lakini yale maneno sikuyasoma hata siku moja. Naona aibu kukuambia wewe mwandishi, sembuse yule."

Kwa hiyo akabuni. Akakariri baraka za harusi za kawaida, zile zinazojulikana na kila mtu. Ramesh akasimama, akavaa kofia yake. Meli iliyomleta ndiyo iliyomrudisha, na habari za sonara mwongo zikafika Musoma na Bukoba kabla ya juma kwisha. Tangu hapo hakuna aliyeleta posa nyingine.

Kinachouma zaidi kilikuja siku mbili baada ya Ramesh kuondoka. Masalu, aliposimuliwa mkasa wote, alichuchumaa kando ya tanuri.

"Mimi kusoma sijui," akasema, "lakini miaka yote hii nimeisugua kwa ukwaju na majivu. Ilikuwa hivi."

Akachora kwenye majivu kwa kidole, umbo baada ya umbo. Shanta akainama akasoma kwa sauti: *Kwa mikono iliyompamba binti yetu, nyumba hii haitasahau...* Hapo Masalu akaacha.

"Hapa chini palishalika nilipoanza kazi. Ni kidole gumba cha marehemu baba yako. Alikuwa akiishika kila siku."

Barua mbili ambazo Mahesh alimpelekea Ramesh huko Jinja zilirudi bila kufunguliwa. Aprili mwaka huu, mtoto wa Ramesh alioa kwingine.

Shanta sasa ana miaka ishirini na moja na anashona nguo za watu chumba cha nyuma. Bangili ziko ndani ya mkebe wa chai, hajazivaa hata mara moja. "Nikizitazama, namwona baba akidanganya," anasema. Halafu anamgeukia mzee wake na kumwuliza swali ambalo hata mwandishi huyu aliogopa kuliuliza. "Baba, chapa ukiichonga wewe, hiyo medali itakuwa imetolewa na nani?"

Mahesh anaishika patasi. Anagonga chuma mara tatu, anapuliza.

"Mkwe simtaki tena," anasema baadaye, binti akiwa amesharudi ndani. "Ninalotaka ni mtoto wangu asiitwe binti wa mwongo. Na sijui kama hata hilo nitalipata."

Ana mpango mmoja. Kabla ya Diwali, kama jicho lililobaki litakubali, atazirudisha bangili motoni, Masalu atavuta viriba, na dhahabu ileile itapigwa chapa. Kisha hataandika barua. Atapanda meli mwenyewe hadi Jinja, akaketi mlangoni kwa Ramesh mpaka apokelewe au afukuzwe.

Na pale chini palipolika?

"Nitapaacha hivyohivyo," anasema. "Akiniuliza pameandikwa nini, safari hii nitamwambia kweli. Nitamwambia sijui."