Santuri Kwenye Kichanja cha Kahawa

Elimringi ni kitindamimba wa mzee Ebenezeri, na kwetu huku Mwika hilo si jambo dogo. Kaka zake walipewa vipande vyao vya shamba, wakaenda zao Dar. Yeye akabaki na nyumba, kwa sababu nyumba ya wazazi ni ya mtoto wa mwisho. Wageni wakisikia hivyo husema ana bahati. Mimi ninayepakana naye nasema nyumba ndiyo iliyopewa Elimringi.

Ana miaka arobaini na moja. Tangu mama yake afariki, yeye ndiye anayempikia mzee, anayemfulia, anayemkatia kucha. Mzee ana nguvu zake bado, msidanganyike. Lakini ataita, "Elimringi!" mpaka sauti ifike kwangu, na kijana wa watu ataacha redio aliyokuwa anaitengeneza, atakwenda mbio, akute mzee anataka fimbo yake iliyoegemea kiti hicho hicho alichokalia.

Mkewe, Juliana, alivumilia. Mwisho akateremka Himo na mtoto wao Ezra, akapanga chumba na kuweka cherehani. Hakumwacha mumewe. Alimwambia tu kwamba Himo kuna njia panda, kuna malori na mabasi usiku na mchana, na fundi redio mwenye akili hawezi kulala njaa pale. Alimngoja mwaka wa kwanza, akamngoja wa pili. Mwaka huu baada ya Krismasi alimwambia waziwazi: aje kabla ya Pasaka, au asije tena.

Na kila Desemba kaka yake mkubwa, Jackson, hupanda na gari lake, huchinja mbuzi, hunywa kisusio, ile supu ya damu, mpaka kipaji cha uso kinang'aa, halafu humpigapiga mdogo wake begani. "Wewe ndiye mwenye nyumba," humwambia. Mwaka mpya ukiingia tu, gari limeshateremka. Nikimwona anavyompigapiga lile bega, mkono unaniwasha.

Sasa, habari ya santuri. Katika ujana wake mzee Ebenezeri alikuwa na baa Njoro, pale Moshi mjini, kabla hajaokoka na kuwa mzee wa kanisa. Baa ilipofungwa alipanda nazo mlimani, makreti manne ya santuri, akayasukuma chini ya kitanda. Hakuzipiga tena, lakini ole wako uziguse. Elimringi akiwa mtoto alichukua moja, akaisahau dirishani, jua likaipinda. Alichapwa siku ile mpaka mama yangu mkwe akavuka mpaka kwenda kuamua ugomvi. Sote tuliokulia na kuolewa hapa tunaijua sheria ya mzee: santuri haikai juani, haikai karibu na jiko.

Mwezi wa kwanza alikuja Wilbert, dalali wa vitu vya zamani kutoka mjini, ambaye Elimringi hununua kwake vipuri. Alipiga magoti sakafuni, akazipekua moja moja akipuliza vumbi. Alipofika kwenye santuri moja ndogo ya bendi iliyoitwa Rau Jazz, akaiinua kwenye mwanga. Bendi yenyewe ilipiga kidogo tu ikavunjika, na santuri zake hazikuwahi kufika mbali. Ndiyo maana, alisema Wilbert, kuna watu Ulaya wanaitafuta hii kama dawa. Aliipiga picha, akaituma, na wiki ile ile mnunuzi akajibu kwamba atakuja mwenyewe Moshi kuzichukua zote.

Elimringi alinieleza hesabu yake nikiwa nakamua ng'ombe. Angelipia fremu ya duka Himo. Angemwajiri mama mmoja mtu mzima wa kukaa na mzee, na yeye angepanda kila Jumapili.

"Umemwambia baba?" nikamuuliza.

"Nimemwambia, mama Gladness. Amesema ni zangu. Kasema kila kilichomo humu ndani ni changu."

Aliyasema hayo akicheka. Sikuwahi kumwona akicheka vile tangu Juliana ateremke, nami nikafurahi mpaka nikamwaga maziwa.

Alhamisi, siku mbili kabla mnunuzi hajaja, Elimringi alikwenda Himo kuiona fremu. Aliniomba nimtupie mzee jicho. Asubuhi nilipita na mundu wangu kwenda kukata majani, nikamkuta mzee Ebenezeri kwenye bomba, ana beseni, sabuni na kitambaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Yule dalali alisema ziwe safi."

Alikuwa anaziosha, moja baada ya nyingine, kama tunavyoosha kahawa iliyokwisha kumenywa. Nikaona amelainika, amekubali mwanawe aende. Nikampongeza moyoni, nikaenda zangu bondeni.

Niliporudi saa sita jua lilikuwa linachoma utosi. Vichanja vya kuanikia kahawa, ambavyo vilikuwa vitupu tangu mavuno yaishe, vilikuwa vimejaa. Santuri zote zilikuwa zimepangwa juu ya waya, nafasi sawa sawa, vizuri kabisa. Na mzee anayeita mtu ampe fimbo alikuwa amezibeba zote kidogo kidogo kutoka chini ya kitanda. Nilisogea. Kingo zilikuwa zimenyanyuka, katikati zimebonyea. Nilizikimbiza kivulini, lakini wapi. Zilikuwa visosi. Ile ya Rau Jazz ilikuwa kichanja cha juu, pasipofikiwa na kivuli cha mgomba.

Mzee alikuwa kibarazani. "Jua limekuwa kali," alisema.

Elimringi alirudi alasiri na mkate wa Himo mkononi. Alisimama mbele ya vichanja. Hakutukana, hakupiga kelele. Akampigia Wilbert simu, na nilisikia upande wake tu: "Zote. Ndiyo. Hata hiyo." Kisha akamchemshia baba yake chai, akamkatia mkate.

Lakini Jumamosi jioni alikuja mpakani, na macho yake sikuyatambua.

"Kesho kutwa nashuka," alisema. "Bila fremu. Nitatandika gunia njia panda nitengeneze simu. Nikikaa hapa nitamchukia, mama Gladness. Nimeanza kumchukia."

"Nenda," nikamwambia. "Mzee nitamtazama mimi mpaka hao wa Dar wapate akili." Na nilimaanisha. Hasira ile ilikuwa imempa miguu, nami niliogopa ipoe kabla ya Jumatatu.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa kwao, namsaidia kukunja mashati. Begi lilikuwa mlangoni. Kupitia dirisha nilimwona mzee Ebenezeri akitembea peke yake hadi kwenye mstari wa masale unaotenganisha kihamba chetu, shamba letu la ukoo, na chao. Alikata jani moja. Alilifunga fundo.

Kwetu, aliyekukosea akikuletea jani la sale, huna ruhusa ya kulikataa, hata kama amekuulia ndugu. Ukilipokea, jambo limekwisha: hulitaji tena, wala huendi zako kwa ajili yake. Nimeona majirani wakipelekeana, nimeona mke akipelekewa na mume. Baba kumpelekea mwanawe sijapata kuona.

Aliingia, akavua kofia.

"Nilijua," alisema. "Nilijua jua litazifanyaje. Niliogopa kufa mikononi mwa mtu nisiyemjua. Nisamehe, mwanangu."

Akanyoosha jani kwa mikono miwili. Nilitaka Elimringi akimbie. Nilitaka amtukane, amsukume, aruke lile begi atoke. Alisimama mikono ikiwa imelegea, na machozi yakamtoka bila sauti, mtu mzima na ndevu zake. Mzee naye alisubiri. Jani hakulishusha.

Elimringi akalipokea.

"Nimekusamehe, baba."

"Asante. Mungu akubariki." Mzee akavaa kofia, akaenda kukaa kibarazani, na haikupita muda akaita aletewe fimbo.

Simu ililia Elimringi akiwa bado ameshika jani. Alikuwa Juliana. Sauti yake niliisikia mpaka pale nilipokaa, anauliza kama kesho amtume Ezra stendi ampokee.

"Mama Ezra," Elimringi alisema, "baba ameniletea sale."

Juliana ni mtoto wa kule Mamba, amezaliwa na kulelewa mlima huu huu. Nikasikia cherehani yake ikianza kushona, na hakuuliza tena.