Mwalimu Asiyefunga Mlango

“Dada, sikatai kwamba mtoto anaogopa. Ninachosema, wangu wasifeli kwa sababu ya mmoja wako!”

Mwalimu wa hesabu amesimama barazani, vumbi la chaki limemtapakaa hadi kwenye nyusi. Nyuma yake wanafunzi wa darasa la saba wamejazana madirishani. Mbele yake, mlangoni pa darasa la tatu, mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu amejishika kiuno.

“Na siku niliyokwenda hospitali, nani alikutuma uufunge mlango?”

“Nilikuwa namfundisha ujasiri.”

“Ujasiri! Ujasiri wako si ule pale, umekaa kwenye ngazi? Mwaka mzima nahangaika naye, mdogo wangu, wewe kipindi kimoja tu umenirudisha nilikoanzia.”

Kwenye ngazi za baraza ameketi binti wa miaka tisa, daftari mapajani. Wenzake wanamwita Kidoti kwa sababu ya alama nyeusi shavuni. Anaogopa chumba kilichofungwa mlango. Si deko. Mlango ukifungwa anakosa pumzi, mikono inakufa ganzi, na akipata upenyo anakimbia bila kuangalia anakokwenda.

Mama yake, fundi cherehani, anasema ilianza mtoto akiwa na miaka minne. Kitasa cha chumba kilikwama mtoto akiwa ndani, mama ameenda kuteka maji.

“Nilirudi nikakuta hana sauti. Jirani akavunja mlango kwa shoka. Tangu hapo hata chooni naingia naye. Shule ya kwanza walimchapa. Ya pili wakaniambia nimtafutie mganga. Huyu mwalimu ndiye wa kwanza kuniuliza, ‘Mama, mtoto mwenyewe anasemaje?’”

Mwalimu huyo amefundisha kwa miaka ishirini na saba. Wenzake wamembandika jina la Mama Mlango, na hawamwiti hivyo kwa mapenzi.

Njia yake ni rahisi kueleza, ngumu kuifuata. Mlango wa darasa unashikiliwa na jiwe. Sakafuni kuna mistari ya chaki, kuanzia mlango ulipo wazi kabisa hadi karibu na fremu. Jiwe linasogea mstari mmoja tu kwa mara moja, na anayelisogeza ni Kidoti, siku anayotaka mwenyewe. Akishindwa, analirudisha. Hakuna anayemuuliza kitu.

“Mwanzoni kila aliposogeza jiwe niliwaambia darasa wampigie makofi,” anasema. “Si ndivyo tulivyo sisi walimu? Mtoto akiweza, makofi. Kumbe namgeuzia macho ya watoto sitini. Akawa anaogopa mlango, anaogopa na makofi. Siku hizi akisogeza, mimi nafuta ubao kama sijaona.”

Wiki iliyopita jiwe lilikuwa limebakiza mistari miwili, uwazi wa kupitisha kiganja tu. Ndipo mwalimu akapata homa, akaenda hospitali, na mwalimu wa hesabu akamshikia kipindi. Alilisukuma jiwe kwa mguu na kutia komeo. Kidoti alijikojolea mbele ya wenzake. Walicheka. Tangu siku hiyo hajavuka kizingiti.

Mwalimu wa hesabu si mtu mbaya. Darasa la saba wana mtihani wa mwisho, na watoto sitini wanaoimba jedwali la kuzidisha mlango wazi ni adhabu kwa jirani yeyote. Walimu wengine wako upande wake. Lakini wawili hawa walikuwa chanda na pete; kwa miaka mingi walikunywa chai kwenye meza moja.

“Sasa nikiingia ofisini mazungumzo yanakatika,” anasema Mama Mlango. “Nasikia vijiko tu. Nikaona nisiwakatie wenzangu uhondo, nikahamishia kikombe changu darasani.”

Nyumbani hakuna wa kumsimulia. Mumewe alikwishatangulia mbele ya haki, watoto wana miji yao na wanapiga simu wakikumbuka.

“Naongea na redio. Ina adabu kuliko walimu, ila haijibu.” Anacheka, kisha anaacha ghafla. “Nani kakwambia haiumi? Inauma. Lakini mimi mtu mzima, naweza kuumia nikaendelea na kazi. Yeye hawezi.”

Barazani, ugomvi unakatishwa na mwalimu mkuu, anayekuja akifunga vifungo vya koti.

“Walimu wazima, mbele ya watoto?” anauliza kwa sauti ya chini. Anasikiliza upande huu, anasikiliza na ule. Kisha anaamua. “Mtoto akae nyumbani mpaka mtihani upite. Akitulia, atarudi.”

“Huyu akienda nyumbani harudi, mwalimu mkuu. Unajua, na mimi najua.”

“Basi funga mlango.”

Mama Mlango anamtazama Kidoti, ambaye amekiinamia kidole gumba cha mguu wake kana kwamba ndicho kinachosemwa. Anageuka, anatazama ng’ambo ya uwanja.

“Lile darasa la mwisho, kule vyooni. Nani analitumia?”

“Lile? Tumetupia madawati mabovu. Halina dari, mvua ikinyesha hamtasikizana.”

“Lina mlango?”

“Mlango linao.”

“Nipe.”

Mwalimu wa hesabu anashusha mikono. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inalegea. “Dada, kule utakuwa peke yako. Hata kengele haifiki.”

“Kwani hapa niko na nani?”

Mwalimu mkuu anajikuna kidevu, anauliza angependa kuhama lini, pengine mwisho wa muhula. Mama Mlango ameshaingia ndani.

“Darasa, simama! Wawili wawili kila dawati. Inua, usiburuze! Wewe, hilo ni dawati, si farasi, shuka!”

Baraza linajaa miguu. Madawati yanakatiza uwanja yakiyumba kama msafara wa siafu. Mwalimu wa hesabu anawapisha, kisha anarudi kwa wanafunzi wake.

“Nataka siku moja aufunge mwenyewe, kwa mkono wake, halafu aufungue,” anasema Mama Mlango akiisukuma meza yake nje. “Nimebakiza miaka minne nistaafu. Hata nikiiona siku ya mwisho, sawa.”

Meza ni nzito. Watoto wengine wote wako ng’ambo.

“Mwalimu,” Kidoti anaita kutoka ngazini. “Kule kuna mlango?”

“Upo.”

“Utafungwa?”

“Ukitaka wewe.”

Mtoto anafikiri. Anabana daftari kwapani, anapanda ngazi, anashika upande wa pili wa meza.